Mwanafunzi Mpya wa Ami Kheir

Ami yangu Kheir alinifutia miaka miwili ya chuo kikuu kwa kubonyeza kitufe kimoja, halafu akageuza kiti chake, akanitazama, anangoja nimshukuru.

Shukrani za nini? Nilisimama mbele ya meza yake, mkoba begani, jasho linanitoka kwa kupanda ngazi zake zile, nikasoma kioo cha kompyuta mara ya pili nikidhani macho yangu ndiyo mabovu. Hayakuwa mabovu.

"Ami, hapa wameuliza kama nshawahi kusoma chuo kikuu chochote."

"Nimeona."

"Umejaza hapana."

"Nimejaza hapana."

"Na mie nnamaliza mwaka wa pili!"

"Kwani nani kakuuliza?"

"Wao! Si hilo swali lao hapo!"

Akacheka. Ami Kheir ana kicheko chake cha ofisini, kifupi, cha puani, anachowachekea wazazi wakimuuliza jambo asilotaka kulijibu. Ofisi yenyewe ipo Darajani, ghorofani, juu ya duka la vitambaa, na kazi yake ni kuwatafutia vijana vyuo vya nje. Ukutani kabandika picha za wote aliowapeleka, Uturuki, Malesia, India, Kanada, kila mmoja kavaa koti na meno nje. Kubwa kuliko zote ni ya mwanawe Munir, kasimama kwenye theluji ya Kanada, kwenye chuo hicho hicho alichokuwa ananiombea mie. Utaratibu wa Ami ni mmoja kwa wote: anuani ya barua pepe anakufungulia yeye, fomu anajaza yeye, na neno la siri analo yeye. Wewe kazi yako kupiga picha ya pasipoti na kungoja.

"Sikiliza, Rahila," akasema, akaiweka sauti yake ya kuwafundisha wajinga. "Chuo kile kina milango miwili. Mlango wa kwanza wa mwanafunzi mpya, katoka skuli na cheti chake cha kidato cha sita, basi. Huyo akiwa na alama nzuri wanambeba mzima mzima: ada, chumba, chakula, mpaka tikiti. Mlango wa pili wa mtu anayehama kutoka chuo chengine. Huyo wanamwambia karibu, lete masomo yako tuyahesabu, na gharama utajua mwenyewe. Sasa mamaako atakugharimia kwa mwani?"

"Lakini mie ndiye wa kuhama. Ndivyo nilivyo."

"Ndivyo ulivyokuwa."

Wallahi nilitamani kumvua miwani nikaitupa dirishani.

Nieleze hapa, ili mnielewe nilichokuwa nakililia. Miaka miwili ile nilikuwa nasomea viumbe vya baharini, na kazi yangu kubwa ilikuwa mwani. Mama yangu, Bi Mwatima, analima mwani Makunduchi tokea mie mdogo. Zamani akilima ule mwani mnene, wenye bei. Bahari ikaanza kupata moto, mwani mnene ukawa unalainika na kukatika, wanawake wakabaki na mwembamba usiokuwa na faida. Nikataka kujua unakufa vipi na kama kuna pahala utaishi. Basi kila bamvua, maji yakikupwa sana, nilikuwa nashuka Makunduchi, mimi na mama tumesimama ndani ya maji ya magoti, mimi na kipima joto changu, yeye kashika kamba. Hakuna kamba hata moja kwenye utafiti ule ambayo mama yangu hakuifunga kwa mkono wake. Nilikuwa nshamwandikia mwenyewe bibi mmoja wa usajili wa chuo kile cha Kanada, na akanijibu kwa adabu kwamba kwa alama zangu nnaweza kuingia mwaka wa tatu, na msaada upo kidogo kwa wanaofanya vizuri, ila hawaahidi. Nilifurahi kama mwehu. Nikampelekea Ami aone. Akasema, niachie mie.

Nikamwachia. Na hilo ndilo nililolipata.

"Basi irekebishe, Ami. Nakuomba."

"Ishakwenda. Ukiwafuata sasa kuwaambia umekosea, muongo watakayemuona ni wewe. Jina lililopo pale ni lako, si langu."

Mtasema, mbona hukupiga kelele ukaondoka? Ningekwenda wapi? Baba yangu, Ame, Mungu amrehemu, alifariki nikiwa skuli, na tokea siku hizo nakaa kwa Ami, ndugu yake, Mkunazini, kwenye nyumba ambayo mkewe, Bi Ulfat, huniwekea sahani mezani kwa kishindo ili nisisahau nala kwa nani. Na sie tumelelewa hivyo, ami ni baba. Ukibishana naye, mtaa mzima unakuona huna malezi. Nikashuka ngazi zile nimeuma meno, na tokea siku ile nikawa simpendi tena. Nalisema wazi: nilikuwa simpendi, na salamu nilizokuwa nampa asubuhi zilikuwa za mdomoni.

Jibu likaja. Nimekubaliwa, ufadhili kamili, mwanafunzi mpya. Nyumba nzima vigelegele, Bi Ulfat yule yule wa sahani akanikumbatia, Ami akaichapisha picha yangu na kuibandika ukutani chini ya Munir, na kwenye simu yake akaandika "Mwingine tena kutoka kwa Kheir." Watu wakamwombea dua mpaka nikaona haya kwa niaba yake.

Jioni akaniita pembeni. "Chuoni kwenu usiage. Wale wanajua watu kule nje, maneno yatafika. Toweka tu. Wakipiga simu, waambie unaumwa."

"Munir naye alitoweka hivyo?"

Akanikazia macho. Munir alikuwa kasoma mwaka mzima pale pale chuoni kwetu kabla ya kuondoka, kila mtu anajua. Ami akanambia nikawaletee chai wageni.

Nikatoweka. Nikaacha kuhudhuria darasa, mwalimu wangu, Dokta Ubwa Pandu, akapiga simu, sikupokea. Akapiga tena, nikaizima. Nikakaa ndani Mkunazini nakunja nguo za baridi nilizonunuliwa, na kila nikikunja naona nakunja nguo za mtu mwengine.

Ikabaki wiki ya safari, mama akaja kutoka Makunduchi kuniaga. Aliingia na mihogo, na kapu la samaki wa kukaanga, na kanga mpya kichwani, uso unamng'ara mpaka nikashindwa kumtazama. Tukakaa chini kula, nyumba imejaa, shangazi zake Ami wawili wapo, majirani wapo. Mama hata tonge la pili hajalitia mdomoni, akaniuliza:

"Radhi umeshataka kwa nani na nani?"

Kwetu hasafiri mtu safari ya mbali hajapita kutaka radhi. Unakwenda kwa wakubwa wako na kwa kila aliyekufundisha, kuanzia mwalimu wa chuo cha Kurani aliyekushikisha alifu mpaka wa mwisho, unamwambia nnasafiri, nilipokukosea nisamehe, niridhie. Akikuridhia, unaondoka moyo mweupe. Mtu akiwa na kinyongo nawe, safari yako ina walakini. Mama yangu katika hilo hana mchezo.

"Kwa maalim wa Makunduchi nilikwenda nilipokuja mara ya mwisho," nikasema. "Na walimu wa skuli."

"Na wa chuo kikuu?"

Ami akadakia, mdomo umejaa. "Ah, shemeji, wale si walimu wa radhi. Wale waajiriwa. Wanalipwa mshahara, mwezi ukisha wanakwenda zao."

Mama akaweka tonge chini. "Ati nini, shemeji?"

"Nnasema, si lazima."

"Mwalimu si lazima?"

Lo! Mngewaona wale shangazi. Mmoja akasema lahaula, mwengine akavuta kanga yake usoni. Jirani akamtazama Ami kama aliyesema sala si lazima. Na yeye, mjanja wa watu, mwenye jawabu kwa kila balozi na kila chuo, hakuwa na pa kutokea. Angesema nini? Angesema usiende ukatake radhi kwa mwalimu wako? Mbele ya watu? Alikunywa maji, akasema basi mtakwenda mkipata nafasi, wana mambo mengi wale, huwakuti.

"Kesho asubuhi tutakwenda," mama akasema, akaendelea kula.

Ami akanikamata ukumbini nikipeleka vyombo. Hakupiga kelele, alinong'ona, na akighadhibika lafudhi ya Makunduchi aliyoizika miaka humtoka yote. "Mamaako asifike pale. Mwambie mwalimu kasafiri, mwambie amekufa, sijui, utajua mwenyewe. Ukinifedhehesha, Rahila, nyumba hii hutoikanyaga."

Ningeweza kumwambia mama uongo mdogo tu, tungebaki nyumbani. Sikumwambia. Nilikuwa na hasira, na hasira zangu zilikuwa na haki. Nilisema moyoni: twende, na litakalokuwa na liwe.

Asubuhi tukaenda. Mama kavaa buibui lake jema, mkononi kikapu: mikate ya kumimina aliyoipika alfajiri na sabuni za mwani za kikundi chao. Njia nzima ananiuliza, huyu Dokta Ubwa mtu wa namna gani? Nikamwambia mkali, hana dogo. Ripoti yangu ya mwani aliwahi kunirejeshea tena na tena, kila mara kachora wino mwekundu, mpaka nikamchukia. "Ndiyo huyo sasa wa kumtaka radhi," mama akasema. "Uliyewahi kumnung'unikia ndiye wa kwanza."

Tulimkuta. Ofisi yake ndogo, madirisha hayafunguki, chupa za mwani mpaka sakafuni. Nikamwamkia shikamoo, akajibu marahaba bila kuinua uso. Kisha akauinua.

"Alaa! Mgonjwa kapona?"

Mama akadhani mzaha, akacheka. Akajitambulisha, akaweka kikapu mezani kwa mikono miwili. "Mwalimu, nimemleta mwanangu. Anasafiri, anakwenda Kanada kusoma. Nimekuja akutake radhi, na mie nakutaka radhi kwa ajili yake. Umemsomesha, umevumilia, alipokukosea msamehe."

Akakitaja na chuo chenyewe, kwa matamshi yake, na kwa fahari.

Sijapata kumwona Dokta Ubwa anatabasamu. Siku ile alitabasamu. Alivua miwani, akanitazama kama babaangu. "Umefanikiwa kuhamia? Mwaka wa tatu wamekupa? Hebu kaa, kaa hapo." Akavuta droo, akatafuta kalamu. Halafu mkono ukasita. "Lakini Rahila, matokeo yako hayajatoka hapa. Chuo hakiwezi kukuhamisha bila matokeo yenye muhuri wetu, na yanapita mezani kwangu. Hujaja kuyaomba. Umeingiaje?"

Mama akanigeukia, bado anacheka.

"Sikuhamia, Dokta. Nimeingia mwanafunzi mpya."

"Mpya vipi? Mtu wa mwaka wa pili anakuwaje mpya?"

"Tumewaambia sijawahi kusoma chuo kikuu."

Feni ilikuwa inakwaruza. Mama akauliza polepole, "Nani kasema hujasoma?"

"Ami ndiye aliyejaza, mama. Na mie nikanyamaza."

Dokta Ubwa akairejesha kalamu kwenye droo. "Kama Munir," akasema. "Mwana wa Kheir. Mwaka mzima amekaa kwenye kiti hicho hicho ulichokalia, na mwisho akaondoka bila kwaheri. Nikawa najiuliza nimemfanyia nini kijana wa watu." Akakisukuma kikapu, hakukisukuma kwa ubaya, mpaka kikafika mbele ya mama. "Bi Mwatima, chukua mikate yako. Radhi ya mwalimu anapewa mwanafunzi wake. Huyu kaandika kwamba hana mwalimu. Sasa mie nimridhie nani?"

"Mwalimu, huyu mtoto tu—"

"Si mtoto. Nimemsomesha, namjua, akili anazo kuliko wote niliokuwa nao mwaka huu. Ndiyo maana siwezi." Akanitazama. "Andika kweli, kisha njoo. Hata wakikufukuza, njoo. Lakini leo sijakuridhia."

Nikamchukia tena upya. Anajiona nani? Yeye keshasoma Ulaya, keshala, keshashiba, sasa ananigomea mimi kineno kimoja! Mama akachukua kikapu chake. Hakulia, na ingekuwa nafuu angelia. Tulitembea mpaka nje ya geti, kwenye jua, ndipo akasimama.

"Zile kamba," akasema. "Zile tulizokuwa tunafunga mie na wewe. Nazo umesema hazikuwepo?"

Nilitaka kumpokea kikapu, akakivuta.

"Na mie kumbe umenifuta."

Hilo lilinikata. Ami angenitukana mwaka mzima nisingeumia kama nilivyoumia pale getini.

Tulipofika Mkunazini mama hakuvua buibui wala hakukaa. Alisimama katikati ya ukumbi, Ami anakunywa chai, Bi Ulfat anakata mboga. "Shemeji, ifungue hiyo fomu yako umrejeshee mwanangu masomo yake."

Ami akajua. Alinitazama mimi kwanza, kwa jicho nisilolisahau. "Nilikwambia nini?"

"Nishughulikie mie, mwache mtoto," mama akasema. "Hasafiri bila ya radhi, na radhi ameikosa kwa sababu yako."

"Radhi! Radhi ya Ubwa ndiyo inayorusha ndege? Shemeji, hii nafasi watu wanalilia! Wakijua, watamnyang'anya!"

"Wamnyang'anye."

"Wewe mjinga nini?"

"Kheir!" Bi Ulfat akasema, kisu mkononi. Hata yeye.

"Mjinga ndiyo," mama akasema. "Mjinga niliyefunga kamba. Nipe hilo neno la siri lako, tuifungue hapa hapa."

"Sitoi! Sitoi ng'o!" Akasimama, chai ikamwagika. "Mnataka kuniua nyie! Mtoto huyu akianza kueleza, watauliza wa mwanzo aliingiaje. Na Munir je? Mwanangu kabakisha mwaka wake wa mwisho, mnamfikiria Munir nyinyi?"

Mwenyewe akasikia alichokisema, akakaa.

Kumbe! Miezi yote nilidhani anabana kwa ajili yangu, au kwa ajili ya jina la ofisi yake. Kumbe kimya changu ndicho kilichomfunika Munir. Nikachukua simu yangu, nikaitafuta ile anuani ya yule bibi wa usajili, niliyemwandikia zamani kwa jina langu mwenyewe, nikaanza kuandika nimesimama vile vile. Nilimwandikia kwamba fomu yangu ina uongo, kwamba nimesoma miaka miwili, na mwalimu wangu ni Dokta Ubwa Pandu.

"Rahila, watakufuta!"

"Ushanifuta weye, Ami."

Nikatuma. Akasema toka. Nikasema natoka. Picha yangu sijui aliibandua lini, mie nilichukua mkoba na mama akachukua kikapu chake, mikate yote imo haijaguswa, na yale makoti ya baridi nikamwachia Bi Ulfat kitandani.

Wakanifuta kweli. Jibu lilikuja kwa adabu, nafasi yangu imeondolewa na ufadhili umeondolewa. Nikitaka, mwakani naweza kuomba tena kama mwanafunzi wa kuhama, nipeleke matokeo yote, hawaahidi kitu. Na chini yake wakataka niwaeleze fomu ile ilijazwa na nani. Nililia, sitaki kusema uongo. Nililia siku nzima Makunduchi nimejifunika kanga ya mama, na nikamlaani kila mtu, Ami, Munir, Dokta Ubwa na theluji yao. Kisha nikawajibu swali lao.

Nikarudi kwa Dokta Ubwa na lile jibu kwenye simu. Akalisoma mpaka mwisho. "Nimekuridhia," akasema, "dunia na akhera." Nikadhani ataongeza neno zuri. Akaongeza kwamba sura ya mwisho ya ripoti yangu bado ovyo, niiandike upya. Basi ndivyo alivyo, na sitegemei abadilike. Sasa nipo mwaka wa tatu, nimepanga chumba Mwanakwerekwe na wasichana wenzangu, na bamvua zote nashuka kwa mama.

Ijumaa iliyopita nilikuwa Makunduchi, mimi na mama tumekaa uani tunafunga vipande vya mwani kwenye kamba za kesho. Gari ikasimama nje. Akaingia Ami Kheir, kanzu nyeupe, kofia, na kikapu mkononi. Nyumba ile hakuwa ameikanyaga tokea matanga ya baba. Mama akainuka kumpa mkeka. Mie sikuinuka.

"Nnakwenda umra," akasema. "Wiki ijayo, inshaallah. Nimekuja kuagana nanyi. Shemeji, nilikukosea, niridhie."

"Nimekuridhia, shemeji," mama akasema, papo hapo. Ndivyo alivyo mama yangu.

"Na wewe, Rahila."

Niliendelea kufunga. Akakaa kwenye mkeka, akashika kofia yake. Alikuwa amekonda, na sikumwonea huruma.

"Barua ya wale watu ilifika na kwenye anuani niliyokufungulia mie. Walikuuliza nani kajaza ile fomu," akasema.

"Waliuliza."

"Ukawajibu?"

"Nikawajibu."

"Ukasemaje?"

"Kweli."

"Na Munir?"

Nikaiweka kamba chini, nikamtazama usoni, mara ya kwanza tokea siku ya ukumbini. "Ami, umekuja kutaka radhi au umekuja kuuliza habari?"

"Nimekuja kutaka radhi."

"Kwa Dokta Ubwa ushapita?"

Ulikuwa wakati wa kusema nshapita, na hakuweza, maana alikuwa hajapita, na anakokwenda hakuchukuliki uongo.

"Basi mie sijakuridhia, Ami."

"Rahila!" mama akasema. "Ami yako huyo! Mtu anakwenda Makka!"

"Nimesikia anakokwenda."

Alingoja. Aliponiona nimeshika kamba tena, akainuka polepole, akakung'uta kanzu, akamuaga mama peke yake. Tulisikia mlango wa gari, halafu ikapita muda kabla hajawasha.

Mama alikuwa amenigeuzia mgongo. "Mtoto wa watu umemtaja?"

"Sikumtaja. Niliandika jina langu na la Ami, kwamba yeye kajaza na mie nimekubali. La Munir atalisema Munir mwenyewe, siku atakayotaka."

Akageuka. "Mbona basi hukumwambia babaake? Angekwenda moyo wake umetulia."

"Ndiyo maana sikumwambia," nikasema.

Mama hakunikaripia wala hakunisifu. Alikiokota kikapu cha Ami, akakitia ndani, akarudi kukaa mbele yangu, na akaishika ile ncha nyengine ya kamba.